Somo la Afya: Sindano ya Kuongeza Damu

Wengi wetu tukiambiwa tuna upungufu wa damu huomba sindano, tukiamini kwamba vidonge havina nguvu. Je, ni kweli? Tujifunze pamoja.

Pima kwanza

Dalili ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe wa viganja na ndani ya kope. Kwa mama mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa.

Sababu ni nyingi: uhaba wa madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura, kutokwa damu, selimundu au ugonjwa wa figo. Sindano ya chuma haitibu malaria wala minyoo. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na chuma kupita kiasi, na sindano hiyo ikamdhuru.

Sindano hutolewa lini?

Wenye uhaba wa chuma wengi hupona kwa vidonge, wakivimeza kila siku kwa miezi kadhaa. Usivimeze pamoja na chai. Choo kikiwa cheusi, usiogope. Daktari huchagua sindano vidonge vinaposhindwa, au mimba inapokuwa kubwa na damu ni kidogo sana. Haitolewi katika miezi 3 ya kwanza ya mimba. Nayo haipandishi damu siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa.

Jilinde

1. Usichomwe sindano nyumbani wala dukani. Sindano iliyokwisha kutumika hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.
2. Mweleze mhudumu kama una mzio, pumu, homa au mimba.
3. Pakiuma au kuvimba dawa inapoingia, sema mara moja.
4. Baada ya sindano, kaa kituoni angalau dakika 30. Ukiwashwa, ukibanwa kifua au ukivimba uso, ita mhudumu hapo hapo.

Ukipewa rufaa kwenda Kigali, kwa mfano Hospitali ya Kijeshi iliyoko Kanombe, beba karatasi ya rufaa, majibu ya vipimo na dawa zote unazotumia.

Maswali ya kujikumbusha

- Kwa nini tupime kabla ya sindano?
- Kwa nini tusiondoke kituoni mapema?

Mfundishe na jirani yako.