SOMO LA ROBO HII: Kuijaribu Pochi ya Sarafu za Kidijitali Kabla ya Kuiamini



Miongoni mwa maswali yanayoletwa ofisini kwetu lipo moja ambalo miaka michache iliyopita hakuna aliyeliuliza: "Je, mnapokea mchango kwa Bitcoin?" Baadhi ya marafiki zetu wa ng'ambo wanazo sarafu hizo na wangependa kuzitoa kwa ajili ya mabati ya shule au tangi la maji. Huku nyumbani nako, vijana wetu wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda wanazisikia kupitia simu zao, na wapo wanaozishauri kamati zifungue pochi mara moja.

Somo hili halikusudii kuzisifu sarafu hizi wala kuzilaani. Lengo lake ni kuonyesha jinsi kamati inavyoweza kukifahamu chombo hiki kwa vitendo, bila kuhatarisha hata shilingi moja ya waumini.

Pochi ni nini?

Bitcoin ilianza kutumika Januari 2009. Hakuna benki inayoitunza. Malipo yote huandikwa katika daftari moja la pamoja, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Pochi ni programu inayotunza funguo za siri. Mwenye funguo hizo ndiye anayeweza kuhamisha sarafu zilizoandikwa katika daftari hilo. Sarafu zenyewe hazimo ndani ya simu wala kompyuta.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na M-Pesa, tuliyoizoea nchini tangu mwaka 2008. Laini ya simu ikipotea, unakwenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni, nayo laini inarudishwa pamoja na salio lake. Pochi ya Bitcoin unayoitunza mwenyewe haina ofisi ya kukimbilia. Inapofunguliwa mara ya kwanza hutoa maneno ya siri, kwa kawaida 12 au 24, kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake ndiye mwenye fedha. Yakipotea na kompyuta ikaharibika, fedha zimekwenda. Yakiibwa, fedha zimekwenda vilevile.

Kwa nini kompyuta pepe?

Kompyuta pepe ni kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Ina diski yake, mfumo wake na dirisha lake, na unaweza kuifuta yote bila kugusa kazi nyingine za ofisi. VirtualBox ni programu mojawapo ya aina hiyo, nayo hupatikana bure. Kompyuta ya ofisi yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Kompyuta pepe unaweza kuipa GB 2 hadi 4 za kumbukumbu na nafasi ya diski ya GB 25.

Faida yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kukosea apendavyo. Hata hivyo, kompyuta pepe isichukuliwe kuwa ni sefu. Ikiwa kompyuta halisi ina virusi vinavyonakili kila herufi inayochapwa, vitanakili pia maneno unayochapa ndani ya kompyuta pepe. Kwa sababu hiyo tunaitumia kwa kujifunza tu, na maneno ya siri ya majaribio yasitumike kamwe kwa fedha halisi.

Hatua za zoezi

1. Sakinisha VirtualBox, kisha ndani yake sakinisha mfumo mwepesi wa Linux, mfano Lubuntu. Kabla ya kuendelea, hifadhi hali ya kompyuta pepe kama ilivyo, ili ukiharibu uweze kurudi hapo.

2. Pakua programu ya pochi. Sisi tulitumia Electrum, ambayo ni ya bure na ipo tangu mwaka 2011. Ipakue kutoka tovuti yake rasmi pekee, na ukague sahihi yake ya kidijitali. Mwishoni mwa mwaka 2018 matapeli waliwatumia watumiaji wa Electrum ujumbe wa uongo uliowataka wapakue toleo jipya. Waliotii walipakua programu ya wizi na wakapoteza sarafu zao.

3. Ianzishe katika mtandao wa majaribio. Katika Linux huongezwa --testnet mwishoni mwa amri ya kuianzisha. Mtandao huu unafanya kazi kama ule halisi, lakini sarafu zake hazikukusudiwa kuwa na thamani yoyote. Hakikisha kwamba anwani ya kupokelea inaanza na herufi tb1. Ukiona bc1, simama, kwa kuwa hapo umo katika mtandao wa fedha halisi.

4. Fungua pochi mpya na uandike maneno 12 kwa kalamu, kwa mpangilio wake. Usiyapige picha, wala usiyatume kwa WhatsApp. Andika pia jina la programu, kwa sababu pochi nyingi za aina nyingine haziyatambui maneno ya Electrum.

5. Omba sarafu za majaribio kutoka tovuti zinazozigawa bure, kisha fungua pochi ya pili na utume kiasi kidogo. Angalia ada ya kutuma, na muda unaopita hadi malipo yathibitishwe. Katika mtandao halisi kila ukurasa mpya wa daftari huongezwa kwa wastani wa dakika 10. Katika ule wa majaribio muda hubadilikabadilika.

6. Sasa futa kompyuta pepe yote. Unda nyingine mpya, sakinisha Electrum, na urudishe pochi kwa kutumia karatasi yako tu. Salio likionekana, zoezi limefaulu.

Tulichojifunza sisi wenyewe

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye somo. Katika zoezi letu la kwanza mwenzetu mmoja aliyaandika maneno yake kwenye karatasi ya rasimu, akayathibitisha katika programu, na programu ikayakubali. Baadaye, kwa nia njema, aliyanakili kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi ya kuhifadhi, akaichana rasimu. Siku ya kurudisha pochi, programu ilikataa kuendelea. Palipotakiwa neno "ankle" alikuwa ameandika "angle". Maneno yote mawili yamo katika orodha, na kwa jicho la mtu aliyechoka yanafanana.

Zilikuwa sarafu za majaribio, tukacheka. Zingekuwa fedha za mabati, wazee wa parokia wangekuwa na haki ya kuuliza zimekwenda wapi, na jibu la "herufi moja" lisingemridhisha mtu. Kwa hiyo tumejiwekea kanuni moja: pochi haijajaribiwa mpaka imefutwa na kurudishwa kwa karatasi ileile itakayohifadhiwa.

Nani ashike maneno?

Akaunti ya benki ya parokia haitoi fedha kwa sahihi ya mtu mmoja. Pochi nayo isiwe hivyo. Electrum inaruhusu pochi ya sahihi 2 kati ya 3. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina kila mmoja anakuwa na maneno yake, na malipo hayatoki mpaka wawili wakubaliane. Mmoja akifariki au akihama, wawili waliobaki wanaweza kuirudisha pochi, mradi wawe na nakala ya ufunguo wa wazi wa yule wa tatu. Nakala hiyo haiwezi kutoa fedha, bali bila hiyo pochi haijengeki upya. Hili nalo lijaribiwe kwa sarafu za majaribio, kwa kumwomba mmoja wa watatu akae kando.

Kabla ya kupokea sarafu halisi

Kufaulu zoezi si ruhusa ya kupokea fedha. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba shilingi ndiyo fedha halali nchini, na ikawaonya wananchi dhidi ya biashara ya sarafu hizi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi hakuna maana kwamba tangazo la 2019 limefutwa. Kamati yoyote ipate kwanza maelekezo ya maandishi kutoka jimboni na kutoka Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza.

Aidha, bei haitulii. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Zawadi iliyotosha mabati 100 isingefikisha mabati 25. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa aliyewahi kuuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado maua mtini, anafahamu uchungu wa kufunga mahesabu juu ya bei ya kesho. Kwa wafadhili wetu tunasema kwa heshima: kwa sasa njia iliyo salama zaidi ni ninyi kuzibadilisha sarafu huko mliko, kisha mtume fedha kupitia benki.

Mwisho, yeyote anayeiomba kamati maneno ya siri, au anayeahidi faida ya haraka, akataliwe. Wengi wetu bado tunaikumbuka DECI, mchezo wa kupanda na kuvuna uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, na jinsi fedha za watu wa kawaida zilivyonasa humo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Leo hii, nani katika parokia yetu anashika neno la siri la kompyuta ya ofisi na namba ya siri ya simu ya makusanyo? Akiugua ghafla, nani mwingine anaweza kuendelea?

2. Karatasi muhimu za parokia zinahifadhiwa wapi, na ni lini mara ya mwisho zilikaguliwa kama bado zinasomeka?

3. Tukifanya zoezi hili, nani atakuwa shahidi wa hatua ya sita?

4. Mfadhili akituuliza tena kuhusu Bitcoin, tutamjibu nini?