Dondoo muhimu: Macho na masikio ya mtoto mchanga

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama. Kwa hiyo ukinyonyesha, weka simu kando umtazame. Sogeza uso polepole kulia, kisha kushoto, uone macho yake yanavyokufuata, yanakupoteza, yanakutafuta tena. Rangi hafifu hazimvutii bado. Mtandikie kanga ya kisutu: wekundu, weusi na weupe wake humshika macho kuliko midoli mingi ya dukani.

Wanja usimpake. Aina nyingine zina madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo unaokua.

Sauti yako aliizoea tangu tumboni. Mwite jina, msimulie unachopika, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi ya kukujibu kwa miguno yake.

Akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka, dakika mbili tatu kila baada ya kumbadilisha nepi, nawe ukae hapo hapo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 jumla ya angalau dakika 30 kwa siku kabla hajaanza kutambaa. Ndipo shingo na mabega hukomaa. Usingizini, mlaze chali daima.

Makengeza ya wiki za mwanzo yasikutishe. Ila akifikisha miezi minne bado yapo, au hashtuki kwa kishindo cha sufuria, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo, hata bibi akisema subiri.