Nani Mwenye Mamlaka? Kutoka Kizimba cha Mwanjelwa hadi Unguja na Scotland

Gunia la mchele wa Usangu linalopitia soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadi kufika Unguja hukutana na mamlaka nne njiani. Ushuru wa mazao hudaiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, kule ulikolimwa. Kizimba unachouzia, pamoja na leseni ya biashara ya kawaida, viko chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Kodi ya mapato ya mwenye gunia huichukua TRA kwa niaba ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Likishushwa bandarini Malindi, gunia hilohilo huingia katika sheria za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, yenye Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na mamlaka yake ya mapato, ZRA.

Asiyejua mpaka wa kila mamlaka huzungushwa ofisi hadi ofisi, na mwisho hukata tamaa akidhani serikali yote ni moja na yote haimsikii. Makala haya yanaeleza mipaka hiyo ilivyo. Yanapita pia Scotland, kwa sababu kila mara habari zinaposema Wascotland wanataka kujitenga na Uingereza, mtu sokoni huuliza kama Zanzibar nayo inaweza, au kama Mbeya ingeweza kujiamulia mambo yake zaidi. Katika yote haya kuna swali moja la kubeba: madaraka haya uliyoambiwa ni yako, nani anaweza kuyachukua bila kukuuliza?

Orodha ya mambo 22

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulianza Aprili 26, 1964, siku nne baada ya Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume kutia saini Hati za Muungano. Mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo ni 22, na yote yameandikwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977. Humo yamo mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, Mahakama ya Rufani na uandikishaji wa vyama vya siasa. Kwa hiyo kijana wa Pemba anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya yuko ndani ya jambo la Muungano, na mtihani wake wa kidato cha nne ulisimamiwa na Baraza lilelile lililosimamia wa mwenzake wa Tukuyu.

Lisilo katika orodha hiyo si la Muungano. Afya, kilimo, ardhi, elimu ya msingi na serikali za mitaa za Zanzibar huamuliwa Zanzibar. Hili lina maana kubwa kwa mfanyabiashara. Huhitaji pasipoti kwenda Unguja, kwa sababu uraia ni mmoja. Lakini ukitaka shamba kule, sheria ya ardhi uliyoizoea Mbeya haikusaidii, maana ardhi ya Zanzibar ina sheria yake. Kodi ya ongezeko la thamani nayo haimo katika orodha, ndiyo maana Zanzibar ina sheria yake ya VAT na bidhaa inayovuka bahari huulizwa nyaraka upande wa pili. Risiti zako za mashine ya EFD, barua ya mauzo na nyaraka za usafirishaji zisiachwe kwa dereva peke yake. Weka nakala.

Orodha hiyo ina sehemu zenye utata. Bandari imeandikwa kuwa ya Muungano, ilhali Malindi iko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar. Mafuta na gesi asilia vimo pia, lakini Sheria ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie yake. Ukitaka jibu la uhakika kuhusu jambo lako, soma orodha kwanza, kisha uliza sheria ya utekelezaji inasemaje.

Sasa swali letu. Nani anaweza kuiondolea Zanzibar nafasi yake? Katiba imeweka kizuizi katika Ibara ya 98: mambo ya msingi ya Muungano hayabadilishwi hadi theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa peke yake. Zanzibar nayo ilibadilisha Katiba yake mwaka 2010, ikajitaja kuwa nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, na kuweka baadhi ya ibara zisizoguswa bila kura ya maoni ya Wazanzibari. Hiyo ni kinga halisi, hata kama kuna wanaoona haitoshi.

Upande wa pili wa bahari kuna tatizo jingine ambalo sisi wa Bara hatulisemi sana. Tanganyika haina serikali yake. Mambo yake huendeshwa na Serikali ya Muungano, jambo lililofanya wapinzani wa mfumo huu waseme Tanganyika imevaa koti la Muungano. Mbunge wa Zanzibar hupiga kura Dodoma juu ya zahanati za Mbeya, lakini mbunge wa Mbeya hana kura juu ya zahanati za Unguja. Mwaka 1993 wabunge wa kundi lililojulikana kama G55 walidai Serikali ya Tanganyika, na dai hilo halikufika mbali. Kabla ya hapo, Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikwisha kupendekeza serikali tatu. Baadaye Tume ya Jaji Warioba ya mabadiliko ya Katiba ikapendekeza hivyohivyo, pamoja na kupunguza mambo ya Muungano hadi saba. Bunge Maalum la Katiba lilirudisha serikali mbili, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2, 2014. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 haikufanyika.

Scotland, wiki zilezile

Wakati Bunge Maalum likiwa linaendelea Dodoma, Septemba 18, 2014, Wascotland walipiga kura kuamua kama nchi yao iwe huru. Asilimia 55 walikataa, asilimia 45 walikubali. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 84 ya walioandikishwa, wakiwemo vijana wa miaka 16 na 17.

Scotland iliungana na England mwaka 1707. Kwa karibu miaka 300 haikuwa na bunge lake. Mwaka 1997 wananchi waliulizwa kama walitaka bunge, robo tatu hivi wakasema ndiyo, na mwaka 1999 Bunge la Scotland likaanza kazi Edinburgh likiwa na wabunge 129. Linaamua afya, elimu, mahakama na serikali za mitaa za Scotland. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji na sarafu vimebaki London. Msomaji wa Tanzania anaiona sura ya Zanzibar hapo. Na England, kama Tanganyika, haina bunge lake. Wabunge wa Scotland walioko London hupiga kura hata juu ya hospitali za England. Uingereza ilijaribu kulirekebisha hilo mwaka 2015 kwa kanuni za kuwapa wabunge wa England sauti ya pekee, kisha ikazifuta mwaka 2021. Kuna jambo moja ambalo Zanzibar hulionea wivu: Scotland ina timu yake FIFA. Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF Machi 2017, na ukaondolewa Julai mwaka huohuo.

Kinga ya Scotland ni nyembamba kuliko ya Zanzibar, na hapa wengi hushangaa. Madaraka yake yametokana na sheria ya kawaida ya Bunge la London ya mwaka 1998. Kura ya 2014 iliwezekana kwa sababu London ilikubali kwa makubaliano ya 2012. Mwaka 2016 Uingereza ilipiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya. Asilimia 62 ya Wascotland waliopiga kura walitaka kubaki, na wakatolewa pamoja na wengine. Walipotaka kura nyingine ya uhuru, Mahakama ya Juu iliamua Novemba 2022 kwamba Bunge la Scotland haliwezi kuiitisha bila idhini ya London. Januari 2023 London ikazuia muswada uliokwisha kupitishwa Edinburgh, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1999.

Hayo yalitokea Uingereza yenyewe ikiyumba. Mwaka 2022 pekee ilikuwa na mawaziri wakuu watatu: Boris Johnson, Liz Truss aliyekaa wiki saba, na Rishi Sunak.

Je, Zanzibar inaweza kupiga kura kama ile? Katiba ya Jamhuri ya Muungano haina ibara ya kujitoa. Njia ya kisheria ingebidi ipitie mabadiliko ya Katiba, kwa theluthi mbili za pande zote mbili.

Madaraka ya Jiji la Mbeya

Kwa mtu wa Mwanjelwa, mjadala wa serikali mbili au tatu ni mzito, lakini maisha yake ya kila siku yako kwa Halmashauri ya Jiji. Hapo ndipo kinga ilipo dhaifu kuliko zote, na naona tunaijadili kidogo mno.

Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema serikali za mitaa zitakuwepo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini madaraka yenyewe, na fedha zake, yameachwa kwa sheria za kawaida. Historia inaonyesha hatari yake. Mwaka 1972 mpango ulioitwa Madaraka Mikoani ulifuta halmashauri zilizochaguliwa na kuweka maofisa kutoka juu. Huduma za miji zikazorota, halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na sheria za 1982 zikarudisha mfumo wote. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilipelekwa TRA, na tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU. Mwaka 2017 barabara za halmashauri zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kiwango cha juu cha ushuru wa mazao kikashushwa kutoka asilimia 5. Huenda baadhi ya hatua hizo zilimsaidia mwananchi, hasa mkulima. Lakini zote ziliamuliwa nje ya Mbeya.

Hata mipaka yenyewe haiko mikononi mwetu. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016, bila kura ya wakazi. Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa Jiji pia. Mliowachagua ninyi ni diwani na mwenyekiti wa mtaa, na madiwani ndio humchagua Meya. Kenya walichagua njia tofauti: Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na gavana huchaguliwa na wananchi wenyewe. Kaunti zao zina matatizo yake, ya mishahara na ya wizi, lakini Nairobi haiwezi kuzifuta kwa sheria ya wiki moja.

Ukienda kudai

Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inayopita Mwanjelwa ni ya TANROADS. Mashimo ya vichochoro vya ndani ni ya TARURA. Taka na vizimba ni vya Jiji. Maji ni ya Mamlaka ya Maji Mbeya, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Zahanati na vituo vya afya ni vya Jiji, ila Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni ya Wizara ya Afya. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia risiti: jina lililo juu ndilo linalowajibika kwa fedha hiyo, na malipo yasiyo na namba ya malipo ya serikali usiyatoe.

Novemba 2011, wamachinga walipoondolewa barabarani Mwanjelwa, mji uliwaka ghasia kwa siku mbili. Uamuzi wa aina hiyo hupitia vikao vya Jiji kabla ya mgambo kufika, na vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Muulize diwani tarehe ya kikao kijacho na ajenda yake. Kwenye mkutano wa mtaa una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Yasiposomwa, andika barua kwa Mtendaji wa Kata, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na usipojibiwa peleka nakala hiyo kwa Mkurugenzi.

Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa amri kutoka juu na kurejeshwa 2024. Kikundi chenu kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na akaunti ya benki.