Jina Lako Mtandaoni: Fremu ya Kupanga au Kiwanja Chako?

FUNDI wa samani aliyepanga fremu Keko, jijini Dar es Salaam, anaijua hofu ya barua ya mwenye nyumba. Akitakiwa kuhama, vitanda na makabati anaweza kuyapakia kwenye gari, lakini wateja waliozoea kumkuta pale hawapakiki. Hofu hiyohiyo ipo katika biashara ya mtandaoni, ila wengi hawaioni mpaka siku mlango unapofungwa.

Wafanyabiashara wengi wadogo huuza kupitia kurasa za Facebook na Instagram na makundi ya WhatsApp. Si vibaya. Kufungua ukurasa ni bure na wateja wenyewe wamo humo. Lakini ukurasa wa namna hiyo ni fremu ya kupanga. Mwenye jengo ndiye anayeweka masharti, ndiye anayeamua tangazo la nani lionekane kwanza, na ndiye anayeweza kufunga jengo zima.

Mifano ni mingi. GeoCities ya Marekani iliwapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola, na Oktoba 2009 ikaifunga. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Machi 2024, Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wamezitengeneza kwa kutumia huduma yake ya wasifu wa biashara.

Wakati mwingine mlango hufungwa kwa muda tu, lakini hasara hubaki. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa muda wa saa zipatazo sita. Nchini Uganda, Facebook ilifungiwa na serikali Januari 2021 kabla ya uchaguzi, na kufungiwa huko kukaendelea kwa miaka. Aliyekuwa na duka lake humo pekee alilazimika kuanza upya kuwatafuta wateja wake.

Dawa yake ni kuwa na tovuti binafsi. Tovuti ina sehemu tatu, na ni vizuri kuzitofautisha, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Ya kwanza ni jina, yaani anwani anayoiandika mteja. Tanzania ina majina yanayoishia .co.tz kwa biashara na .me.tz kwa mtu binafsi, Kenya ina.co.ke na .me.ke. Jina hulipiwa ada kila mwaka kwa wakala aliyesajiliwa. Ya pili ni nafasi ya kuhifadhi kurasa, ambayo hukodishwa katika kompyuta iliyowashwa usiku na mchana. Ya tatu ni kurasa zenyewe: maneno na picha.

Kati ya hizo tatu, thamani kubwa iko kwenye jina. Kampuni inayohifadhi kurasa ikipandisha bei au ikifilisika, mwenye tovuti huzichukua kurasa zake, akazipeleka kwa kampuni nyingine na kulielekeza jina huko. Mteja anaandika anwani ileile na kukuta duka lilelile. Ni sawa na kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2017. Aliye kwenye ukurasa wa kupanga hana uwezo huo, kwani anwani yake imebeba jina la mwenye jengo.

Faida nyingine ni barua pepe. Mwenye jina lake anaweza kuwa na anwani ya barua pepe inayoishia na jina hilo. Hoteli au ofisi inayotafuta wa kuitengenezea meza 40 huipa ankara yenye anwani hiyo uzito zaidi kuliko ile yenye anwani ya bure.

Je, aweke nini humo? Mteja wa samani huuliza mambo yaleyale kila siku: kitanda ni futi ngapi, mbao ni mninga au mkongo, bei ni kiasi gani, kazi inachukua siku ngapi, nani analipa usafiri. Fundi akiyajibu mara moja kwenye tovuti, anapunguza simu za kuuliza na kubaki na simu za kununua. Kila bei iandikiwe tarehe. Bei isiyo na tarehe huleta ugomvi pale mbao zinapopanda. Vivyo hivyo kwa mhasibu, mkalimani au mwongoza watalii: aonyeshe kazi alizofanya, anachotoza na namna ya kumpata.

Picha ziwe nyepesi. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi. Kumi zikiwekwa jinsi zilivyo zinakula kifurushi cha mteja, naye hatangoja zifunguke. Zipunguzwe kabla ya kuwekwa.

Yapo mambo manne ya kujihadhari nayo.

Kwanza, jina lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la kijana aliyemtengenezea tovuti. Wakikosana, mwenye usajili ndiye mwenye jina. Nywila nazo zibaki mikononi mwa mwenye biashara.

Pili, ada ilipwe kabla ya tarehe. Hata wakubwa husahau. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, na baadhi ya watumiaji wa Hotmail wakashindwa kufungua barua zao. Mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Marekani ndiye aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Mfanyabiashara mdogo asitegemee msamaria wa namna hiyo.

Tatu, nakala ya kurasa zote iwekwe pembeni, mbali na kompyuta ya kampuni inayozihifadhi.

Nne, sheria zifuatwe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka Tanzania utaratibu wa leseni kwa wanaotoa maudhui kwa umma. Anayekusudia kuandika habari pamoja na kuonyesha bidhaa zake aulize kwanza TCRA.

Tovuti peke yake haileti wateja. Nyumba iliyojengwa porini haipati wageni mpaka watu waonyeshwe njia. Kwa hiyo zile kurasa za kupanga zisiachwe. Zitumike kama ubao wa matangazo wa kuelekeza watu kwenye anwani ya kudumu. Anwani hiyo iandikwe kwenye risiti, kwenye kadi, kwenye kibao cha dukani na ubavuni mwa gari la mizigo.

Mwenye kuanza leo anaweza kuanza na ukurasa mmoja: jina, kazi, picha tano, bei zenye tarehe na namba ya simu. Mengine yataongezeka jinsi biashara inavyokua. La msingi ni kwamba siku mwenye jengo atakapofunga mlango wake, wateja wawe wanajua pa kumpata. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.