Mnunuzi Mbele ya Dirisha la Dawa: Mambo Yanayoongoza Matumizi ya Fedha na Njia za Kununua kwa Busara

Utangulizi

Mtu anayenunua viatu huvigeuza mkononi, huvijaribu, hulinganisha bei ya duka hili na lile, kisha huomba apunguziwe. Mtu huyohuyo akifika kwenye dirisha la dawa hubadilika. Kidonge hakijaribiwi, na nguvu yake haionekani kwa macho. Aghalabu mnunuzi mwenyewe ana maumivu, au amemwacha mtoto mwenye homa nyumbani. Mwaka 1963 mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alieleza kuwa pengo la ujuzi kati ya mtoa huduma na mgonjwa ni miongoni mwa mambo yanayoitofautisha tiba na biashara nyingine.

Pale ujuzi unapopungua, mnunuzi hutafuta alama za kumwongoza: bei, jina la dawa, rangi ya pakiti, kauli ya muuzaji, ushauri wa jirani na kiasi cha fedha kilichomo mfukoni. Katika bidhaa nyingi alama hizi husaidia. Katika dawa, zinaweza kumfanya mgonjwa alipe fedha nyingi kwa kitu asichokihitaji, kisha akose fedha ya kitu kinachookoa maisha. Makala haya yanachambua alama hizo moja baada ya nyingine, na kuonesha namna mgonjwa na mhudumu wa afya wanavyoweza kusaidiana ili fedha inayotolewa ilete nafuu iliyokusudiwa.

Bei kama kipimo cha ubora

Wengi wamelelewa na usemi wa "rahisi ghali". Kwa kiatu au sufuria usemi huo mara nyingi ni kweli. Kwa dawa, unaweza kupotosha, kwa kuwa akili huongeza yake juu ya kile kilichonunuliwa.

Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 82 wa kujitolea. Wote walipewa vidonge visivyokuwa na dawa yoyote, wakaambiwa kuwa ni dawa mpya ya maumivu. Baadhi waliambiwa kuwa kidonge kimoja kinauzwa dola 2.50, wengine waliambiwa kuwa bei yake imepunguzwa hadi senti 10. Walipopitishiwa umeme mdogo kwenye mkono kabla na baada ya kumeza kidonge, takriban asilimia 85 ya waliotajiwa bei ya juu walisema maumivu yamepungua, ikilinganishwa na asilimia 61 ya waliotajiwa bei ya chini. Kidonge kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni bei iliyotajwa.

Imani ya namna hii inaweza kutuliza maumivu kwa muda, lakini haiui vimelea vya malaria wala hairudishi maji mwilini mwa mtoto anayeharisha. Ugonjwa wa kuhara ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa tamko la pamoja kwamba mtoto anayeharisha atibiwe kwa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Tiba hii ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, nayo huokoa maisha. Hata hivyo, wapo wazazi wanaoiona kuwa ni "maji ya chumvi tu", wakatoa fedha mara kadhaa zaidi kununua viuavijasumu ambavyo, kwa kuhara kwingi kwa watoto, havihitajiki. Mtoto huendelea kupoteza maji, na fedha imekwisha.

Jina lililo juu ya pakiti

Kila dawa ina jina la kitaalamu linalotaja kiini chake, na inaweza kuwa na majina mengi ya kibiashara yanayotolewa na viwanda. Parasetamoli ni jina la kitaalamu. Panadol ni mojawapo ya majina yake ya kibiashara. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba mteja hulitumia kuomba dawa yoyote ya kutuliza maumivu.

Dawa jeneriki ni ile inayotengenezwa na kiwanda kingine baada ya haki ya pekee ya kampuni iliyoigundua kumalizika. Ili isajiliwe, hutakiwa kuwa na kiini kilekile, kwa kiasi kilekile na kwa umbo lilelile la matumizi, na pale inapohitajika kuthibitishwa kuwa inaingia katika damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ya dawa ya awali. Nchini Tanzania kazi ya kusajili na kukagua dawa ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa jeneriki huwa nafuu kwa sababu mtengenezaji wake hakubeba gharama za ugunduzi wala za kulitangaza jina jipya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Marekani ulichunguza ununuzi wa dawa za kichwa. Mnunuzi wa kawaida alichagua dawa yenye jina maarufu, badala ya ileile yenye jina la duka, katika asilimia 26 ya manunuzi yake. Wafamasia, wanaponunua kwa matumizi yao wenyewe, walifanya hivyo katika asilimia 9 tu. Wanaoelewa zaidi kilichomo ndani ya pakiti walikuwa wazito kulipia jina.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la juu la damu, tofauti hii ni kubwa. Kwa mfano wa hesabu tu, ichukuliwe kuwa kidonge cha dawa jeneriki kinauzwa shilingi 100, na chenye jina maarufu kinauzwa shilingi 1,000. Anayemeza kidonge kimoja kila siku atatumia shilingi 36,500 kwa mwaka katika hali ya kwanza, na shilingi 365,000 katika hali ya pili. Wa kwanza anaweza kumudu miezi yote 12. Wa pili huenda akaanza kuruka siku ifikapo mwezi wa tatu.

Ipo tahadhari moja. Baadhi ya dawa, kama vile warfarini ya kuzuia damu kuganda na fenitoini ya kifafa, zina nafasi ndogo kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru. Mgonjwa anayetumia dawa za aina hiyo asibadilishe dawa ya kiwanda kimoja kwa ya kingine bila kumshirikisha daktari au mfamasia wake.

Fedha iliyomo mkononi

Mara nyingi kiasi cha dawa kinachonunuliwa hupimwa kwa fedha iliyopo, si kwa ugonjwa uliopo. Mteja husema, "Nipe za elfu moja," na muuzaji humkatia vidonge vinavyolingana na elfu moja. Kwa sukari au mafuta ya kupikia, kununua kidogo kidogo ni njia halali ya kuishi na kipato kidogo. Kwa dozi ya malaria, ni hatari. Dozi ya dawa mseto ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24 vinavyomezwa kwa siku 3. Anayenunua nusu yake anaweza kupata nafuu siku ya pili, kisha homa ikarudi wiki chache baadaye, akalazimika kununua dawa nyingine. Nusu aliyodhani ameiokoa imemgharimu zaidi ya dozi nzima.

Magonjwa ya muda mrefu yana mtego wa aina nyingine. Mwanauchumi Richard Thaler, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameonesha kuwa watu hugawa fedha zao akilini katika mafungu: kodi ya nyumba, chakula, ada, dharura. Familia nyingi huweka dawa katika fungu la dharura. Lakini shinikizo la damu haliumi, na kitu kisichouma hakionekani kuwa dharura. Basi dawa huachwa pale mgonjwa anapojisikia vizuri, ilhali anajisikia hivyo huku madhara yakiendelea kimyakimya katika moyo, figo na mishipa ya ubongo. Kiharusi kinapotokea, gharama ya hospitali na ya kumhudumia mgonjwa nyumbani huwa haina ulinganifu na bei ya vidonge vilivyoachwa. Dawa ya kila siku inastahili kuhamishiwa katika fungu la unga na kodi, ikatengewa fedha yake mara tu mapato yanapoingia.

Maneno ya kuuza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Virutubisho vinavyonadiwa kwenye mabasi, mikutanoni na kupitia simu kwa ahadi ya kuponya kisukari, shinikizo la damu na saratani kwa pamoja vinastahili kutazamwa kwa usemi huo. Hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kuponya kisukari. Mgonjwa anayeacha insulini kwa sababu ya ahadi hiyo anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache.

Mvuto mwingine ni wa kuongezewa: "Chukua na hii ya mafua, itakusaidia haraka." Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayemeza vidonge vya parasetamoli pamoja na dawa ya mafua bila kusoma maandishi yake anaweza kuvuka kiwango hicho pasipo kujua, akaliumiza ini. Hapo mnunuzi amelipa mara mbili kwa kitu kimoja, tena kwa madhara. Hali kadhalika, wapo wanaodai sindano au dripu kwa kuamini kuwa ina nguvu zaidi, hata pale kidonge kingetosha.

Nafasi ya mhudumu wa afya

Si sahihi kumtwika mnunuzi lawama yote. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika majimbo ya Karnataka na Bihar nchini India, kuhusu sababu za watoa huduma binafsi kutowapa ORS watoto wanaoharisha, ingawa wanajua ndiyo tiba. Sababu kubwa haikuwa uhaba wa dawa wala faida ya mauzo. Ilikuwa dhana ya watoa huduma kwamba mgonjwa haitaki ORS; dhana hiyo pekee ilieleza takriban asilimia 42 ya upungufu huo. Wagonjwa waliosema wazi kuwa wanaitaka walipewa kwa wingi zaidi.

Funzo lake linavuka mipaka ya India. Mhudumu hukisia kuwa mgonjwa anataka dawa ya bei kubwa. Mgonjwa hukisia kuwa alichoandikiwa ndicho pekee kinachofaa. Na wote wawili hunyamaza. Mhudumu anaweza kuuvunja ukimya huo kwa kuandika dawa kwa jina lake la kitaalamu, kwa kueleza kwa nini dawa ya bei nafuu imechaguliwa, na kwa kuuliza kwa staha: "Je, dozi yote utaimudu?" Iwapo fedha haitoshi na cheti kina dawa nne, mgonjwa aambiwe ni ipi isiyoweza kukosekana. Asiachiwe aamue mwenyewe dirishani, ambako huenda akachukua vitamini na kuiacha dawa ya moyo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Dawa hii inatibu nini, na jina lake la kitaalamu ni lipi?
2. Je, ipo jeneriki iliyosajiliwa yenye bei nafuu zaidi?
3. Dozi kamili ni vidonge vingapi, na gharama yake yote ni kiasi gani?
4. Je, dawa nyingine ninazotumia zina kiini hikihiki?
5. Je, nimepima? Homa si lazima iwe malaria. Kipimo hutangulia dawa.
6. Je, famasi au duka hili la dawa muhimu lina kibali, pakiti haijafunguliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita? Bei nafuu inakubalika. Dawa ya kuchuuzwa barabarani haikubaliki kwa bei yoyote.
7. Je, nimepewa risiti? Risiti huonesha mahali pa kurudi iwapo kuna tatizo.

Maswali haya yaandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na kadi ya kliniki, kwa kuwa mwenye maumivu hukumbuka machache. Aidha, mtoto anayeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au anayeharisha damu apelekwe kituo cha afya mara moja. Hiyo si hali ya kutafutia dawa dukani.

Hitimisho

Bei, jina, pakiti na maneno matamu vitaendelea kumvuta mnunuzi, kwa kuwa ndivyo akili ya binadamu ilivyo. Kinachowezekana ni kuamua mapema, kabla ya kufika dirishani, kwa msaada wa mtu mwenye ujuzi ambaye hana faida katika mauzo. Mgonjwa aulize bila haya, na mhudumu ajibu bila haraka. Shilingi iliyookolewa kwa kutolipia jina ndiyo itakayonunua vidonge vya wiki ya mwisho ya mwezi, ambayo wagonjwa wengi huimaliza bila dawa.