Umbo la Ubeti Kwenye Kompyuta: Matatizo ya Mtindo na Mpangilio wa Matini katika Tasnifu za Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufunzwa mapema kwamba fani na maudhui huandamana kama chanda na pete. Ajabu ni kwamba funzo hilo husahaulika pindi anapofungua programu ya kuchakata matini ili achape tasnifu yake. Shairi alilolichambua kwa miezi mitatu, akalihesabia mizani na kulipangia vina, huishia ukurasani likiwa limevurugika: utao umehama mahali pake, mishororo imeachana kama wageni wasiojuana, na nambari za beti hazilingani tena na zile za diwani. Jopo la watahini haliwezi kujua kama kosa hilo ni la mashine au la mtafiti. Aghalabu litalihesabu kuwa la mtafiti, na hapana dhuluma yoyote katika hesabu hiyo.

Makala haya yanadhamiria kueleza vyanzo vya matatizo ya namna hii na jinsi ya kuyatatua. Mifano imetolewa hasa katika programu ya Microsoft Word kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi wetu, ingawa kanuni zenyewe zinahusu pia LibreOffice Writer. Dai letu ni kwamba mengi ya matatizo haya yana asili moja: mwandishi hajui badiliko alilolifanya limehifadhiwa katika tabaka gani la matini. Anayelijua tabaka hulitafuta kosa mahali lilipo. Asiyelijua hulifunika kwa nafasi tupu na kulihamishia ukurasa unaofuata.

Suala la jinsi ya kuupanga ubeti halikuzaliwa na kompyuta. Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi aghalabu viliandikwa katika mstari mmoja. Vitabu vilivyochapishwa kwa hati za Kirumi ndivyo vilivyovishusha vipande hivyo kimoja chini ya kingine. Kwa hivyo kila anayenakili utenzi huwa anafanya uamuzi wa kihakiki, ajue asijue. Uamuzi huo usiachiwe programu iliyotungwa kwa ajili ya barua za ofisi.

Matabaka ya matini

Neno mtindo hapa lisichanganywe na lile tulizoealo katika elimumitindo. Katika programu hizi, mtindo ni fungu la maagizo lililopewa jina: fonti, ukubwa wake, nafasi kati ya mistari, ujongezaji, hata lugha ya matini. Kila aya, hata ile ambayo mwandishi hakuipangia chochote, ina mtindo wake. Asiyechagua huwa amechaguliwa ule uitwao "Normal".

Juu ya mtindo kuna mabadiliko ya papo kwa papo, yale tunayoyafanya kwa kuteua maneno na kubofya kitufe cha italiki au cha wino mzito. Mabadiliko haya huufunika mtindo bila ya kuubadilisha. Hapo ndipo panapozaliwa lile lalamiko maarufu: "Nimebadilisha fonti ya sura nzima lakini aya mbili zimekataa." Aya hizo hazikukataa. Mtindo wake umebadilika sawasawa na zile nyingine, ila juu yake limebaki badiliko la papo lililowekwa zamani, pengine na mtu mwingine. Dawa ni kuziteua, kisha kubonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi, ili kuondoa mabadiliko ya herufi, na Ctrl pamoja na Q ili kuondoa mabadiliko ya aya. Tahadhari moja ni muhimu kwa watu wa fasihi: hatua ya kwanza huondoa pia italiki za majina ya vitabu. Inafaa pia kuyaundia majina ya kazi za fasihi mtindo wake wa herufi, badala ya kuyawekea italiki moja moja kwa mkono.

Kinyume chake pia hutokea. Mwandishi hukoleza wino kichwa kimoja, na vichwa vyote vya tasnifu vikakolea. Hapo mtindo husika umeruhusiwa kujisasisha wenyewe. Kila badiliko la aya moja huandikwa katika mtindo na kuzifikia aya zote zinazoutumia. Ruhusa hiyo iondolewe katika dirisha la kurekebisha mtindo, na tatizo halitarudi.

Umbo la aya limehifadhiwa katika alama ya mwisho wa aya, ambayo kwa kawaida haionekani. Anayeifuta bila kujua huziunganisha aya mbili, na moja huweza kuvaa sura ya jirani yake. Hali kadhalika, mipaka ya ukurasa na aina ya nambari za kurasa huhifadhiwa katika kikomo cha sehemu. Tasnifu zetu hutumia nambari za Kirumi katika tabaruku, shukrani na ikisiri, na nambari za kawaida kuanzia Sura ya Kwanza. Ukifuta kikomo kilicho kati ya ikisiri na sura hiyo, kurasa za mwanzo huchukua mpangilio wa zile zinazozifuata, na ukurasa wa shukrani ukajikuta una nambari ya kawaida. Kabla ya kuhangaika na tatizo lolote, basi, bonyeza kitufe chenye alama ya aya (¶) ili yaliyofichika yaonekane. Mimi binafsi siioni sababu ya kukizima kitufe hicho kabla ya siku ya kuchapisha.

Shairi na ukurasa

Tuchukue mshororo uliotungwa kwa ajili ya makala haya tu:

Kalamu yangu shikika, uandike nilonayo

Una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Tuseme mtafiti anataka utao wa mishororo yote minne ya tarbia uanzie mahali pamoja ili vina vya ndani vionekane wazi. Wengi hubonyeza kitufe cha nafasi mara kadha wa kadha hadi jicho liridhike. Njia hiyo iliwafaa waliotumia taipureta, ambayo kila herufi yake ilichukua upana sawa. Katika fonti kama Times New Roman, herufi "m" ni pana kuliko "i" maradufu na zaidi, na hata nafasi tupu ina upana wake. Vipande viwili vyenye mizani nane nane havitakuwa na urefu sawa ukurasani, na idadi yoyote ya nafasi haitavilinganisha. Hata vikionekana kulingana, vitaachana mara tu fonti itakapobadilishwa. Kinachofaa ni kuweka kituo cha tabo ndani ya mtindo wenyewe, kisha kubonyeza kitufe cha Tab mara moja tu kati ya ukwapi na utao. Kwa ukawafi wenye vipande vitatu, vituo viwili vinatosha.

Tatizo la pili ni la mishororo kuachana. Katika Word ya 2003, aya za mtindo wa "Normal" hazikuwa na nafasi ya ziada baina yake. Toleo la 2007 lilileta fonti ya Calibri badala ya Times New Roman, likaongeza na nafasi ya pointi 10 baada ya kila aya; lile la 2013 likaipunguza hadi pointi 8. Mashine haijui mshororo ni nini. Kila unapobonyeza Enter, kwake hiyo ni aya mpya, na hivyo kila mshororo hupata nafasi iliyokusudiwa kutenga aya za nathari. Ubeti wa mishororo minne huonekana kama beti nne za mshororo mmoja mmoja. Msomaji wa tathlitha au takhmisa atahesabu vipi?

Jibu la haraka ni kubonyeza Shift na Enter pamoja. Hapo mstari hukatwa lakini aya huendelea, kwa hivyo ubeti mzima huwa aya moja. Hata hivyo, jibu hili lina mtego wake. Ikiwa aya imenyooshwa kingo zote mbili, kama vyuo vingi vinavyotaka katika nathari, mstari uliokatwa hivyo huvutwa hadi ukingo wa kulia, na maneno yakatawanyika. Mwanafunzi huona mshororo mfupi wa utenzi umetanuka ukurasa mzima, akaanza kufuta nafasi ambazo hazipo. Ubeti hauna budi kupangwa upande wa kushoto tu.

Mambo haya yote hukamilika kwa kuunda mtindo mmoja na kuuita "Ubeti": upangwe kushoto, ujongezwe kutoka ukingoni, uwe na kituo cha tabo cha utao, uwe na nafasi ya pointi 12 baada ya aya ili kutenga beti, na uamriwe kuweka mistari yake pamoja ili ubeti usikatwe na mwisho wa ukurasa. Kazi hii haizidi dakika kumi. Msimamizi akisema beti zote zisogezwe sentimita moja, badiliko hufanywa mahali pamoja, na beti mia mbili zikatii.

Mashairi huru yanadai uangalifu zaidi. Tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), ushairi wa Kiswahili umekuwa na kazi ambazo urefu wa mstari ni hiari ya mshairi wala si matokeo ya mizani. Pale ambapo neno moja limeachwa peke yake katikati ya ukurasa, mahali pake ni sehemu ya maana. Kwa shairi la aina hiyo, napendelea jedwali lisilo na mistari, au picha ya ukurasa wenyewe, kuliko kulipanga upya kwa kukisia.

Nambari za beti nazo zina kisa chake. Ukiandika "1." mwanzoni mwa mstari, programu hudhani unaanzisha orodha na kuendeleza nambari yenyewe. Ukinukuu beti za 37 hadi 40 za utenzi fulani, orodha hiyo huweza kuanza upya kwa 1. Ukiongeza ubeti katikati, nambari zote zinazofuata husogea bila taarifa. Nambari za sura na vifungu ni zetu, na inafaa zijiendeshe. Nambari za beti ni data ya chanzo, hivyo ziandikwe kwa mkono. Orodha inapojianzisha, bonyeza Ctrl pamoja na Z papo hapo. Uumbizaji wa kujiendesha utaondoka na nambari uliyoiandika itabaki.

Masahihisho yasiyoombwa

Washairi wetu hufupisha maneno ili mizani itimie, na kidonda cha herufi iliyoondolewa hufungwa kwa ritifaa. Tazama mshororo huu wa kubuni:

’Mefika mgeni wetu, mlangoni ’mesimama

Ritifaa ikiwa mwanzoni mwa neno, programu huidhania kuwa alama ya kufungua nukuu na kuipindua upande wa pili. Katika "ng’ombe" na "ng’ambo" hapana shida, kwa sababu inatanguliwa na herufi. Katika inkisari za mwanzo wa neno, makosa ni karibu kila mara. Bonyeza Ctrl na ritifaa, kisha ritifaa peke yake, na alama sahihi itatokea. Wanaokusanya matini kwa ajili ya uchanganuzi wa kompyuta wakumbuke pia kwamba baadhi ya programu za kuhesabu maneno huikata "ng’ombe" vipande viwili zisipoelekezwa kuwa ritifaa ni sehemu ya neno.

Wanaisimu hawakusalimika. Mofimu "i" ikiandikwa peke yake katika uchanganuzi hugeuzwa kuwa herufi kubwa, kwa sababu programu huidhania kuwa kiwakilishi cha Kiingereza. Kipengele "(c)" katika orodha ya mifano hugeuka alama ya hakimiliki. Neno linalofuata "n.k." au "k.v." hupewa herufi kubwa kana kwamba sentensi imekwisha. Anayetenga beti kwa vistari vitatu au nyota tatu na kubonyeza Enter hupata mstari mrefu usiofutika. Mstari huo si maandishi bali ni mpaka wa aya, na huondolewa kwenye menyu ya mipaka.

Baadhi ya haya hupungua matini ikitambulishwa kuwa ya Kiswahili. Lugha ni sifa ya mtindo kama ilivyo fonti, na Kiswahili kimo katika orodha. Kilinux, mradi uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, na Microsoft nayo ikatoa violesura vya Kiswahili katika muongo huo huo. Hata hivyo, bado tunaandika tasnifu za Kiswahili ndani ya matini iliyotambulishwa kuwa Kiingereza cha Marekani, kisha tunalalamika kuhusu mistari myekundu. Ni kweli kwamba kikagua tahajia hakiwezi kujua kila kitenzi katika lugha ambishi bainishi kama yetu. Lakini kukizima kabisa ni kujinyima jicho la pili.

Kuunganisha sura na kuchapisha

Sura zilizochapwa katika kompyuta tofauti zinapounganishwa, mitindo yenye jina moja hukutana. "Normal" ya faili mwenyeji ndiyo hushinda, na sura iliyobandikwa hubadilika. Suluhisho ni kuandika sura zote juu ya kiolezo kimoja tangu mwanzo, na hili lingefaa kuwa jukumu la idara badala ya kila mwanafunzi kubuni lake.

Faili ikibebwa kwa flashi hadi duka la kuchapisha na kufunguliwa katika kompyuta isiyo na fonti husika, fonti nyingine hushika nafasi yake na kurasa zikahama. Walionukuu miswada ya hati za Kiarabu huumia zaidi. Programu huhifadhi fonti na ukubwa wa hati hizo kando na zile za Kirumi, na aya isipoamriwa kusomwa kutoka kulia, nukta ya mwisho hurukia upande usio wake. Faili igeuzwe kuwa PDF yenye fonti ndani yake kabla ya kutoka nyumbani, kisha kila ubeti ulinganishwe tena na chanzo, kwanza katika PDF hiyo na baadaye katika nakala ya kwanza ya karatasi, kabla ya kulipia nakala sita na jalada.