Nyumba Yenu Inatangaza Nini Juu ya Uhai?



Wengi wetu hudhani kwamba kutengeneza vipindi vya kuutetea uhai ni kazi ya mapadre na watu wa redio. Lakini siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji. Mtu wa Ukunda hurekodi sauti yake asubuhi, na adhuhuri imekwisha kusikika Nairobi. Basi tujiulize: sisi wanandoa tunatangaza nini?

Kisa cha nyumbani kwangu

Jumuiya yetu ndogo huku Msambweni ilikubaliana kurekodi mchezo mfupi wa sauti kwa ajili ya Siku ya Upashanaji Habari Duniani, ambayo Kanisa lilianza kuiadhimisha mwaka 1967. Mimi, katekista, nikapewa kazi ya kuandika. Niliandika juu ya mke anayemwambia mumewe kwamba ni mjamzito. Yule mume aliruka kwa furaha, akapiga magoti, akamshukuru Mungu.

Jioni nilimsomea mke wangu, naye anakuna nazi. Akaacha kukuna, akaniuliza taratibu, "Baba watoto, mimi maneno hayo uliniambia lini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 2020, hoteli za Diani zilipofungwa kwa sababu ya korona nami nikakosa kazi, aliniambia kwamba tutapata mtoto wa nne. Nilichosema ni, "Sasa huyu atakula nini?" Kisha nikatoka, nikarudi usiku. Leo mtoto huyo anakimbia uani nami nampenda sana. Lakini mama yake hakulisahau neno lile.

Usiku huo nilimwomba msamaha. Ndipo tukaandika mchezo upya, sisi wawili. Sasa mume anaogopa, anasema neno baya, anaondoka. Halafu anarudi, anakaa karibu na mkewe, na wanahesabu pamoja walicho nacho na wanachokosa. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alinishika mkono nje ya kanisa, akasema, "Katekista, leo umenisema mimi."

Kanisa latufundisha nini?

Katika ujumbe wake wa mwaka 2015 kwa Siku hiyo ya Upashanaji Habari, marehemu Papa Fransisko alitukumbusha jinsi Maria alivyomtembelea Elizabeti, na mtoto akaruka tumboni kwa kusikia salamu. Alifundisha kwamba tumbo la mama ndilo shule yetu ya kwanza ya kuwasiliana. Kumbe mtoto hajazaliwa, naye tayari yumo katika mazungumzo ya nyumba. Baba, neno lako kwa mama mjamzito ndicho kipindi cha kwanza.

Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 uitwao Injili ya Uhai, aliwataka watu wa vyombo vya habari waonyeshe mifano mizuri ya upendo wa kujitolea. Mifano hiyo ipo kwetu: mke anayemwogesha mkwewe asiyejiweza, wazazi wanaomlea mtoto mlemavu bila kumficha chumbani, familia inayosimama na bibi yake anaposingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zake. Hapa Pwani tunajua kwamba maneno ya namna hiyo yameua wazee. Kuwatetea ni kutangaza uhai.

Namna ya kuanza

Kwanza, semeni kweli. Msijifanye malaika. Msikilizaji mwenye shida hutambua haraka anayeijua shida.

Pili, msimwaibishe mtu. Habari ya mimba au ugonjwa wa jirani si yenu kuitangaza. Mwombeni ruhusa, na akikataa, nyamazeni.

Tatu, acheni picha za kutisha. Huenda anayesikiliza alikwisha kutoa mimba na analia moyoni. Katika waraka uleule Papa aliwaambia akina mama hao wasikate tamaa, kwa maana Baba wa huruma anawangoja. Kipindi chenu kisimfungie mlango ambao Mungu ameuacha wazi.

Nne, fanyeni kifupi: dakika tano, jambo moja. Sauti hula bando kidogo kuliko video. Rekodini ndani, madirisha yamefungwa, maana upepo wa pwani hufunika maneno. Bibi anayesema Kidigo asimulie kwa Kidigo. Majirani zetu Waislamu nao huushukuru uhai kama zawadi ya Mungu, basi semeni kwa namna ambayo nao wataweza kusikiliza.

Tano, kabla ya kutuma, msikilize wawili. Kila mmoja amwulize mwenzake, "Maneno haya tunayaishi?" Kama jibu ni hapana, msiifute kazi yenu. Ombaneni msamaha kwanza, kisha rekebisheni.

Maswali ya kujadili mkiwa wawili

1. Tulipopata habari ya kila mtoto wetu, tulisema neno gani la kwanza?
2. Je, kuna neno ambalo mwenzangu bado analibeba?
3. Ni nani jirani yetu anayehitaji kusikia kwamba uhai wake una thamani?

Watoto wakishalala, wekeni simu pembeni, mshikane mikono, mjibu swali la pili kwanza. Mungu azibariki nyumba zenu.